Picha ya Chumba cha Juu

"Kaka, inuka! Kiti hicho hakikaliwi!"

Sebule nzima iligeuka. Ilikuwa Jumamosi, wageni wamejaa hadi ngazini, na mhudumu wa makumbusho aliyepaza sauti, katika sketi yake ya buluu iliyonyooka kwa pasi, alikuwa na wiki tatu tu kazini. Kijana mwenye shati jeupe aliinuka haraka huku akicheka.

"Samahani, dada. Nimesahau. Nimekikalia miaka ishirini."

Kumbe alikuwa mpwa wa marehemu wenye nyumba, mume na mke waliokusanya picha maisha yao yote, kisha wakausia nyumba iwe ya watu wote na kitu chochote kisihamishwe. Wafanyakazi walimwita Mpwa. Akawa haachi kuja. Mwanzoni alifuata picha. Baada ya mwezi alimfuata mhudumu.

"Leo umependeza, malkia wangu."

"Tazama ukutani, mpenzi. Mimi sipo kwenye maonyesho."

Mchana mmoja mhudumu alipanda chumba cha juu, akakuta msumari mtupu. Picha ndogo ya rangi za maji haipo! Chumba kile kilikuwa dhamana yake. Alimpigia Mpwa mara nne; hakupokea.

"Nani aliingia humu?" mkuu wa makumbusho aliuliza.

Mungu wangu, nishike, aliomba kimoyomoyo. Lakini hofu iliitangulia sala.

"Mpwa. Alikuwa peke yake."

Mkuu alipokuwa akitafuta namba ya polisi, simu ya mhudumu ikaita.

"Kipenzi, nilikuwa kwa kinyozi. Kuna nini?"

"Picha iko wapi?"

"Kabatini, kati ya mashuka. Jua la saa sita linaipiga, linafifisha rangi. Mjomba aliificha kila mchana, jioni anaitundika. Mkono umefanya wenyewe, hata sikufikiri." Akashusha sauti. "Wamesema nimeiba?"

Mhudumu angeweza kumsingizia mkuu.

"Ni mimi niliyekutaja."

Simu ikakatika. Picha ilikutwa palepale kabatini, na mkuu akaacha kuwaita polisi.

Siku tisa Mpwa hakuonekana. Kila asubuhi mhudumu alipiga magoti, na kila mlango ulipofunguliwa moyo ulimruka. Siku ya kumi akamwona kwenye foleni, tiketi mkononi kama mgeni yeyote.

"Umekonda," Mpwa alisema.

"Nawe umechelewa. Nisamehe."

"Niliumia sana. Lakini ungeweza kunidanganya, hukunidanganya. Nimekusamehe tangu juzi. Miguu ndiyo iliyogoma." Akaikunja tiketi. "Baba yako yuko nyumbani lini? Nataka nije na mama."

"Jumapili."

"Akikataa je?" Safari hii Mpwa hakucheka.

"Tutasali," mhudumu alijibu, akamshika mkono mbele ya wageni wote.