Maneno ya Kumwambia Afande

Walikutana siku ya soko mjini Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, katikati ya mitumba na magunia ya kahawa. Spika ya Yosamu, fundi wa studio ya muziki, ilikuwa ikilia kama nguruwe anayechinjwa. Edisa, katika gauni la manjano lililomkaa vizuri, akasimama akaziba masikio.

"Hii spika iko mugonjwa, ama mwenyewe?"

"Mwenyewe alikuwa muzima mpaka umefika, sheri."

Edisa akacheka kuitwa mpenzi na mtu asiyemjua, na kicheko hicho kikamponza. Ikapita miaka miwili ya simu, nyimbo na ahadi moja: Yosamu angekwenda kambini Kasese kumposa kwa babake, Sajenti Byamukama. Hakwenda. Kila mwezi alikuwa na sababu. Subira huvuta heri, lakini ya Edisa ilivuta miayo tu.

Alhamisi moja mchana akafika studio, macho mazito kwa kulia na kukesha.

"Kopolo Mugenyi wa kambini ametuma watu kuniposa. Baba atawajibu Jumapili. Nimekuja kuimba wimbo yako ya mwisho, nirudi."

"Edisa..."

"Washa mashine."

Mashine nayo ilikuwa na visa vyake. Kadi mpya ya sauti ilikuwa imetoka Kampala jana yake, na programu ya kurekodi, kuukuu, ilikataa kuitambua. Tangu asubuhi Yosamu alikuwa akichomoa, akichomeka, akizima, akiwasha. Hatimaye akasema "Alo, alo" mbele ya kompyuta, na mistari ya sauti ikacheza kwenye kioo.

"Inasikia!"

Akamfungia Edisa katika chumba cha kuimbia, hedifoni masikioni na maiki mpya mbele yake, kisha akarudi kukaa kwenye kompyuta, hoi.

Edisa akaimba. Walipokaa kusikiliza, sauti yake ilitokea mbali, nyuma ya mlango. Iliyokuwa karibu ni ya mwanamume akinong'ona: "Jambo, afande. Naitwa Yosamu. Mimi si askari. Iko na studio moja tu... Hapana. Afande, mimi naogopa wewe, lakini Edisa..."

Yosamu akaruka kuzima. Edisa akamshika mkono. Kumbe programu ilikuwa bado inasikiliza kimaiki cha kompyuta yenyewe. Ile maiki mpya ya chumbani haikuijali kabisa.

"Tangu lini unasemasema hivi?"

"Tangu mwaka jana, najifunza kumwambia baba yako. Nilijua atanifukuza, nikukose kabisa."

"Mujinga wewe! Mimi nilifikiri haunipendi."

Machozi yakamtoka. Alimpenda, na alikuwa amechoka mno hata kugomba. Akampigia babake simu, akamwekea Yosamu sikioni.

"Sema!" sauti ikanguruma.

Maneno yote ya mwaka mzima yakamtoroka Yosamu.

"Baba, mimi nataka Edisa. Ingine yote nimesahau."

"Ni wewe mwenye binti yangu analilia kila siku?"

"Ndiyo, afande."

"Kuja kesho. Jumapili ni mbali, na mimi nimechoka kusikia hiyo kilio."

Simu ikakatwa. Yosamu alipogeuka kumwambia, Edisa alikuwa amekwisha kusinzia begani pake. Akabaki vile vile, hasogei, mkono ukifa ganzi.