Mwanafunzi wa Kidoti cha Kijani

Maiti ililala kifudifudi kati ya mawe mawili, maji ya ziwa yakiichezea miguu. Wanawake waliokuja asubuhi kuanika dagaa ndio walioiona.

Daktari alipoigeuza, Inspekta Rebeka Masalu alishtuka. Alikuwa Shimba, mwanafunzi mwenzake wa shahada ya uzamili ya upelelezi wa kidijitali. Walisoma mtandaoni, hawakuwahi kupeana mkono, lakini mwaka mzima aliuona uso ule kwenye skrini.

"Amepigwa kichwani na kitu kizito," daktari alisema. "Alikufa siku tatu zilizopita."

"Haiwezekani. Jana alikuwa darasani."

"Mwili hausemi hivyo, afande."

Simu ya Rebeka ikatetema. Arifa ilisema Shimba ameingia darasa la mtandaoni.

Alimtazama marehemu, akaitazama simu. Kidoti cha kijani kiliwaka kando ya jina lake. Akaandika: "Shimba, uko wapi?"

Jibu lilikuja papo hapo. "Nyumbani. Nina homa kidogo."

Hadi saa saba mchana, kampuni ya simu ilikuwa imemtaja mwenye laini iliyotumika kuingia kwenye akaunti ya Shimba: Antoni, fundi simu wa Kirumba, binamu wa Shimba. Chuo nacho kilieleza kwamba kwa siku tatu akaunti ile ilijaribu kufuta kitu kimoja tu, mara kumi na moja. Zoezi la mwisho la Shimba, ambalo likishawasilishwa halifutiki.

Rebeka alilifungua. Wanafunzi walitakiwa kutafuta simu kuukuu na kurejesha picha zilizofutwa. Shimba alirejesha moja. Mwanamke amelala sakafuni, kitenge kimemkaza shingoni, macho wazi. Ilipigwa tarehe nne Machi, na jirani mmoja alimtambua mwanamke yule: Winnie, mke wa Antoni.

Antoni alikutwa chumba cha nyuma ya duka lake, kompyuta ya Shimba mapajani.

"Mkeo Winnie yuko wapi?" Rebeka aliuliza.

"Alizama, afande. Mtumbwi ulipinduka akienda Kamanga, tarehe tano Machi. Mwili haukuonekana. Tuliomboleza hivyo hivyo."

Rebeka akamwonyesha picha. Antoni aliitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama picha ya harusi.

"Alikuwa amefungasha," alisema hatimaye. "Anarudi kwao Bujora, hanitaki tena. Nikamkaba."

"Kwa nini ukampiga picha?"

"Alikuwa ametulia. Hakuwahi kutulia nami."

"Na Shimba?"

"Aliniomba simu kuukuu ya zoezi. Nilishafuta kila kitu, sikujua vinafufuka. Akarudi analia. Nilimsihi anyamaze, akakataa. Nikamfuata ziwani na nyundo." Akameza mate. "Alisema kuna afande anasoma naye, kesho yake angempelekea picha."

Rebeka alipiga hatua moja mbele.

"Winnie yuko wapi, Antoni?"

Macho ya Antoni yalishuka kwenye saruji, penye kiraka kipya cheupe kuliko sakafu yote.

"Umesimama juu yake, afande."