Oili ya Kiponda

Nilikuwa nimeshaosha mikono kwa mafuta ya taa, naelekea dukani kununua mkate, Mwaura alipolileta lori lake gerejini kwangu mtaa wa Barani, limevutwa kwa kamba. Ilikuwa mapema mwaka huu wa themanini na nne. Lori la kubeba chumvi ya Marereni, limeliwa na kutu mpaka mlango mmoja unafungwa kwa waya.

"Gia zinakwama," Mwaura akasema. "Badilisha oili sasa hivi. Kesho alfajiri linapakia. Lisipotoka, dereva huyu naye arudi kwao Adu akalime."

Dereva alikuwa Dzombo, mtu mzima, mpole. Mkewe alikuwa mjamzito. Mwaura akaenda kukaa langoni na gazeti lake.

Niliingia chini ya lori. Nilikuwa nimechoka, na nikichoka sitaki maneno. Dzombo akachuchumaa karibu na gurudumu.

"Fundi," akanong'ona. "Toa kidogo tu. Nyingine iache."

"Imekuwa lami hii. Niiache ya nini?"

"Ndiyo inayoshika gia."

Hilo hata mafundi husema. Giaboksi iliyochakaa ukiitoa uchafu wake, meno hukosa cha kushika. Lakini mimi nikisema nimebadilisha oili, nimebadilisha yote. Sidanganyi mtu.

"Sema sawasawa, au niondokee."

Alitazama langoni kwanza.

"Dereva wa zamani, Kiponda, alifia kwenye kile kiti. Mimi nilikuwa utingo wake. Babake ameokoka, akakataa kumsimikia koma, kile kigogo tunachowawekea wafu wetu wapate pa kukaa. Basi Kiponda akakaa humo humo, kwenye giaboksi. Oili hiyo aliitia mwenyewe." Akasogea karibu. "Fundi, mimi gia sijui. Nashika usukani tu. Anayeingiza gia ni yeye."

Nikacheka.

"Basi mwambie kwanza," akasihi. "Kwetu koma haihamishwi bila kuambiwa inakopelekwa."

"Mimi mtu wa Nyeri, niongee na giaboksi?"

Nikavuta spana.

Nati ikalegea.

Lori halikuwa limewashwa siku nzima. Lakini oili ilitoka vuguvugu... polepole... ikafuata spana, ikanishukia mkono wa kulia mpaka kiwikoni. Haikunuka oili. Ilinuka jasho na tumbako, harufu ya mtu aliyelala safarini.

Halafu mtu akashusha pumzi ndefu, karibu na sikio langu.

Dzombo alikuwa ameshasimama mbali.

Nikatia oili mpya, safi, ya rangi ya asali. Dzombo akapanda, akawasha, akasukuma gia.

Krrrr...

Mwaura akainua uso.

Krrrrrr...

"Dzombo," akaita taratibu, "hivi umekuwa dereva wangu mwaka wa ngapi?"

Dzombo alikuwa bado ameishika gia. Hasira zikanipanda. Nikaingia upande wa pili, nikaweka mkono wangu wa kulia juu ya wake nimwonyeshe.

Gia ikaingia. Bila hata kuguna.

Sikuisukuma mimi.

Tukazunguka mtaa. Ya pili. Ya tatu. Mkono ulikwenda wenyewe, na kila kona ulijua kabla yangu. Dzombo alinusa mkono wa shati langu. Akautoa mkono wake chini ya wangu.

"Shikamoo, Kiponda," akasema, chini kwa chini.

Tuliporudi Mwaura alikuwa anakunja gazeti. "Sikusema? Ilikuwa oili tu."

Alfajiri Dzombo alibisha mlangoni kwangu. Akaashiria mkono wangu wa kulia.

"Unakwenda wapi, na gereji nani ataifungua?" mke wangu Jedida akauliza.

Nilikuwa nimeshavaa viatu.

Gereji nimeifunga. Nakwenda Marereni na kurudi, kila siku, chumvi imenikausha midomo. Nimemfundisha Dzombo gia mpaka nimechoka. Gari lingine lolote analiendesha. Hili, hapana. Amepata mtoto, kazi bado anayo, na mimi sina la kumlaumu. Wala sitamwomba mtu radhi. Kazi niliyoambiwa niliifanya, na niliifanya yote.

Nimechoka tu.

Jedida amehamia kitanda cha watoto. Anasema mkono huo wa kulia huamka kabla yangu.