Noti ya H

Haya yalimpata rafiki yangu Tuukka, nyumbani kwao Tampere, mji wa Kifini, alasiri ya Desemba, saa tisa giza la majira ya baridi limeshatanda. Alikuwa akisakinisha kwenye kompyuta yake ya Linux programu ya piano ya bure, iliyorekodiwa kitufe kwa kitufe. Kabla ya saa kumi na moja alitakiwa atume wimbo wa kuombea nafasi chuoni.

Kwenye orodha ya mafaili, kwa mazoea ya Kifini, ambako noti ya B huitwa H, aliandika H pale piano ilipotaka B. Faili la H halikuwepo, hivyo kitufe kilipaswa kuwa bubu. Alikibonyeza. Kwenye hedifoni akasikia mtu akivuta pumzi.

"Venla! Umechezea kompyuta yangu?"

"Mimi? Hata kuiwasha siwezi, profesa," dada yake alijibu kutoka jikoni.

Tuukka hakumwamini. Alikagua folda upya, hakuna H. Akabonyeza tena. Pumzi, kisha hatua nzito kwenye sakafu ya mbao, zikisogea. Akavua hedifoni, akachomoa waya wake. Hatua ziliendelea, sasa kutoka ukumbini.

Venla alikuwa amesimama mlangoni na soksi tu miguuni, akisikiliza.

"Tuukka," alinong'ona, "nani kaingia ndani na viatu?"