Kifimbo Ni Nani?

Jumatano nilitoka zamu ya asubuhi, nikala, nikaosha vyombo, nikafuta meza. Kisha nikaweka laptopu juu yake.

Laptopu ile ni ya nyumba nzima. Mama mkwe wangu alizawadiwa alipostaafu umatroni wa shule ya bweni. Yeye mwenyewe haigusi. Watoto wanatazama katuni, mume wangu anachora makabati, mimi naweka maelezo yangu ya masomo.

Mimi ni muuguzi. Ijumaa saa nne nilikuwa na mtihani wa kuingia chuo, nikasomee ukunga mji mwingine. Mtihani unafanyiwa nyumbani, kwa programu maalumu waliyotutumia. Programu isipokuwemo kwenye kompyuta, hufanyi. Urudi mwakani.

Nikabonyeza "Weka". Kioo kikafifia, kikaandika: "Ili kuendelea, weka nenosiri la msimamizi." Chini yake palikuwa na jina: Kifimbo.

Kifimbo? Ndiye nani huyo katika nyumba hii?

Nikaandika neno letu la siku zote. Likakataliwa. Nikarudia. Likakataliwa tena. Na mimi nikianza kushuku mtu, sina breki.

Wa kwanza alikuwa mume wangu. Nilipompa habari za chuo alijibu "sawa" moja kavu, akaendelea kupiga msasa. Mtu aliyefurahi anasema sawa namna ile?

Aliporudi kutoka karakana, hata salamu sikumwacha amalize.

"Baba watoto, Kifimbo ni nani?"

"Nani?"

"Usinizungushe! Umeweka msimamizi kwenye laptopu ili nisifanye mtihani."

"Mimi? Mimi ambaye hata kuongeza sauti nawauliza watoto?"

"Basi ni mwanamke."

Akacheka. Kicheko chenyewe ndicho kilichoniudhi. "Mke wangu, mwanamke gani anaitwa Kifimbo?"

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake anashona kifungo. Nikamgeukia. "Mama, wewe unalijua neno la siri la laptopu hii?"

Akakata uzi kwa meno. "Neno la siri halisemwi," akajibu. Akainuka, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Lo! Sasa nikamshuku na yeye. Nikasema moyoni, mama na mwanawe lao moja. Usiku ule nilimpa mume wangu mgongo.

Alhamisi kazini mwenzangu aliniambia mtandaoni kuna programu ya bure inayovunja nenosiri lolote. Niliporudi nikaitafuta, nikaipata. Lakini kidole kilisita. Nikaona nimwite kwanza jirani yetu, fundi wa kompyuta, mama mmoja asiye na papara.

"Hiyo usiiguse, Nesi," akasema mara moja. "Nyingi za namna hiyo ni mtego. Unaiingiza mwenyewe, halafu inakuibia picha na siri zako zote."

"Basi nivunjie wewe."

"Sivunji kitu kabla sijajua mwenyewe ni nani. Laptopu ni ya nani?"

"Ya mama mkwe. Na nilipomuuliza alinikimbia."

Fundi akavuta kiti. "Sikia. Kompyuta moja inaweza kuwa na akaunti nyingi. Akaunti ya msimamizi ndiyo yenye ruhusa ya kuweka programu na kubadilisha mambo. Hii yenu imeandikwa Familia. Ni ya kutumia tu. Mara nyingi msimamizi ni akaunti iliyofunguliwa siku ya kwanza kabisa. Nani aliiwasha siku hiyo?"

Tukatazamana na mume wangu, aliyekuwa ameshatoka karakana. Mlango wa chumbani ukafunguka.

"Mwalimu wa kompyuta wa shuleni," akasema mama mkwe. "Nilimlea mimi bwenini, mtundu yule. Akaniandika kwa jina walilokuwa wakinisengenya nalo."

"Jina gani, Mama?" mume wangu akauliza.

Mama akatazama sakafu. "Kifimbo."

Mume wangu akashika ukuta kwa kicheko.

"Cheka tu, mwanangu. Sikumpiga mtu. Nilikuwa nagongea milango waamke."

Mimi kicheko hakikunijia. "Mama, kwa nini hukuniambia jana? Mtihani ni kesho!"

"Yule mwalimu alinionya: neno la siri usimpe mtu, hata mwanao. Na redioni kila siku wanasema matapeli huuliza kwa upole. Wewe hata upole hukuwa nao."

Aibu ilinishika mpaka masikioni.

"Mama hana kosa," fundi akasema. "Nenosiri halitajwi. Lakini mwenyewe anaweza kuliandika kwa mkono wake. Haya, sote tugeuke."

Tukageukia ukuta, hata fundi. Tukasikia kidole kikidonoa herufi mojamoja.

"Imenifungulia," mama akasema.

"Mama, unakubali mkweo naye awe msimamizi?" fundi akauliza.

"Awe. Ila na mimi nisivuliwe."

"Huvuliwi. Wawili ni bora. Mmoja akisahau, mwingine yupo."

Fundi akafungua Mipangilio, kisha Akaunti. Akanifungulia akaunti yangu, akabadilisha aina yake kuwa msimamizi. Nikachagua nenosiri langu peke yangu. Familia ikabaki vilevile, ya kutumia tu, ili watoto wasije wakaingiza takataka.

"Na kama mama angelisahau?" nikamuuliza.

"Tungenakili kwanza mafaili yenu pembeni, ndipo tutafute njia. Na mama mwenyewe angekuwepo."

Programu ya chuo ikaingia. Fundi alipoondoka nikamfuata mume wangu uani.

"Nisamehe. Nilikudhania vibaya."

"Hukukosea yote," akasema. "Sikufunga laptopu, lakini sikufurahi. Niliogopa. Watoto wawili na mama, nitawaweza peke yangu?"

"Si ungesema!"

"Nimesema sasa."

Tulikaa pale tukagawana kazi za nyumba, moja baada ya nyingine.

Ijumaa saa nne mtihani ulifunguka bila kugoma. Nilifaulu. Sasa niko chuoni wiki ya tatu, na mume wangu ndiye anayemsuka binti yetu nywele kila Jumapili. Anamsuka vibaya, lakini zinafika Ijumaa.