Kiu ya Yonasi

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mibuni Loisi alipotoka kumwita mwanawe aje kula. Alidhani yuko kijitoni. Yonasi alikuwa mtoto wa miaka sita, na siku hizo kiu yake ilikuwa imepita kiasi. Alikunywa kata baada ya kata na bado akakonda. Kila asubuhi, pale alipokojoa nyuma ya jiko, sisimizi walijaa tele, wametulia kama wako karamuni.

Majirani wa Igamba walikuwa wameshaliona hilo, na jina la mchawi walikuwa nalo. Bibi Jenista.

Jenista alikuwa mjane aliyeishi peke yake ng'ambo ya kijito. Mwanawe wa pekee, Kefa, alikwenda vita vya Bama, kupigana na Wajapani, pamoja na Osea, mume wa Loisi. Osea alirudi. Kefa hakurudi, wala hakuna aliyejua amelala wapi.

Kijitoni hapakuwa na mtu. Ukungu ulikuwa unashuka. Kisha Loisi akasikia sauti kutoka nyumba ya yule mjane.

Mtu anakunywa maji. Anagugumia... anagugumia... bila kuvuta pumzi.

Akavuka. Mlangoni palinuka moshi, na harufu nyingine tamu, kama ndizi zilizoiva mno. Yonasi alikuwa ameketi kati ya magoti ya Jenista, kibuyu mdomoni. Alikitua, akasema taratibu, kama mtu mzima aliyechoka:

"Chupa ilikuwa na maji, mama. Osea aliondoka nayo. Nilimwita mpaka ulimi ukakauka."

"Najua, mwanangu," Jenista akanong'ona. "Kunywa."

Loisi alimnyakua mtoto. "Bibi, unamfanya nini?"

"Simfanyi kitu. Huja mwenyewe. Siku ya kwanza aliingia akaniuliza kwa nini nimehamisha mlango." Jenista akaunyooshea kidole ukuta wa nyuma. "Ulikuwa pale, Kefa alipoondoka. Wewe ulikuwa hujaolewa hapa."

Nyumbani, Osea alikuwa anaota moto. Loisi alimweleza maneno ya mtoto, neno kwa neno. Osea hakuuliza nani kamfundisha. Alitazama chini tu.

Hapo ndipo Loisi alipotambua jambo alilolitazama miaka yote bila kuliona. Mume wake alimlisha mtoto, alimbeba, alimkinga baridi. Lakini maji hakuwahi kumpa kwa mkono wake. Mtoto akiomba, alimwita mama yake.

"Baba Yonasi, ulimfanya nini Kefa?"

Osea akasukuma kijinga motoni.

"Tulipotea msituni, wawili. Yeye kapigwa risasi ya paja. Chupa ilikuwa moja. Nikamwambia naenda kuita watu." Akameza mate. "Sikuita watu."

Kisha akasimulia habari ya hospitali ya jeshi. Kitanda cha pili alilala Mchina mmoja mzee, mpishi aliyeungua mafuta, na wote wawili walijua Kihindi cha kubahatisha cha kambini. Mzee huyo alikuwa na hadithi nyingi kutoka vitabu vya kale vya kwao, vya watu wafuatao dini ya Buddha. Osea akamuuliza juu ya kisa kile, akikisema kama cha mtu mwingine.

"Akasema maiti wa namna hiyo haji kuua. Anazaliwa nyumbani kwako. Unamlea, unampenda mpaka huna kingine duniani. Na siku utakapompa kwa mkono wako kile ulichomnyima, amemalizana na wewe. Anakwenda zake." Osea akajifuta uso. "Nilicheka. Nikamwambia mimi ni Mkristo."

"Baba."

Yonasi alikuwa amesimama nyuma yao, midomo imepasuka.

"Baba, maji."

Loisi akachota upesi. Mtoto akausukuma mkono wake.

"Mpe wewe," Loisi akasema.

"Nikimpa atakwenda."

"Na usipompa? Utamnyima mara ya pili?"

Loisi akamnyooshea kata.

Osea akaishika kata. Maji yakamwagikia vidole vyake. Yonasi akanywa polepole, na kwa mara ya kwanza akabakiza. Akamtazama baba yake kama mtu anavyomtazama mwenzake wakishamaliza shauri.

"Basi," akasema.

Akalala mapajani mwa mama yake. Pumzi zikawa ndefu, nzito, zenye ule utamu wa ndizi. Alfajiri mwili ulikuwa wa baridi.

Mganga wa zahanati aliposikia habari ya sisimizi alisema ni ugonjwa wa sukari, nao humaliza watoto upesi. Loisi akaitikia. Habari ya chupa na ya mlango hakumwambia.

Mazikoni, wanaume walimzuia Jenista kwa fimbo. Mchawi, walisema. Yeye hakubishana. "Wangu hana kaburi," alisema. "Niacheni nikae kwenye hili."

Macho yote yakamgeukia Osea. Neno lake moja lingetosha.

Osea akaangalia miguu yake.

Jioni ile nyumba ya Jenista iliteketea. Akashika njia ya Tunduma, kwa ndugu zake walio ng'ambo ya mpaka. Loisi peke yake ndiye aliyembebea mzigo hadi barabarani.

"Bibi," alimuuliza wakiagana, "aliponyonya kwangu, alikuwa wangu?"

Jenista alimshika shavu. Akaupokea mzigo wake, akaenda.

Loisi aliporudi hakulia. Alisimama mbele ya mume wake.

"Huyo Mchina wako. Mama wa mtoto alimsemaje? Mimi sikuwako Bama. Mimi nilimnyima nani?"

"Nilimuuliza hilo," Osea akanong'ona. "Alisema hakuna mama anayezaa mtoto wa namna hiyo bure; naye ana deni lake la kale. Tumeishi mara nyingi, na tumesahau."

Loisi akaweka mkono tumboni. Alikuwa na mimba changa, na hakuwa amemwambia mtu.