Mgeni wa Kwenye Simu

Kabla hapajapambazuka, vidole vya Bibi vilisikika vikipapasa juu ya rafu. Viligusa kikombe, vikagusa kopo la chumvi, vikarudi nyuma, na mwishowe kiberiti kikalia ndani ya kiganja chake. Redio, mjukuu wake, alikuwa macho kitandani tangu vidole vilipoanza safari yao. Alijua kiberiti kilipokuwa. Angeweza kusema, "Kushoto kidogo, Bibi." Lakini Bibi hakupenda kuelekezwa ndani ya nyumba yake, basi Redio akafumba macho na kujifanya amelala.

Jina la Redio alipewa na majirani kambini, kwa sababu aliwaka alfajiri na hakuzimika mpaka usiku. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Walipokimbia vita, Bibi alimbeba mgongoni, na chumba kile cha mabati ndicho nyumba pekee aliyoikumbuka.

Macho ya Bibi yalikuwa na mtoto wa jicho. Ukungu mweupe ulikuwa umetanda kwenye mboni zote mbili na ulizidi kuwa mzito. Muuguzi wa kambi alisema ungeweza kuondolewa kwa upasuaji kwenye hospitali ya mjini, ila usiachwe sana, maana ukikomaa kupita kiasi kazi huwa ngumu. Lakini mkimbizi hakuruhusiwa kutoka kambini bila kibali cha ofisi, na gari la hospitali lilichukua watu wachache tu kila mwaka.

Aliyewasemea wagonjwa kwa watu wa ofisi alikuwa mwanamke mmoja waliyemwita Wakili. Aliishi nchi ya mbali, na kazi hiyo aliifanya kwa kujitolea. Kila Jumamosi alipiga simu ya video. Bibi hakuijua lugha yake, lakini Redio alikuwa akijifunza lugha hiyo shuleni, hivyo yeye ndiye aliyetafsiri. Simu yenyewe ilikuwa ya Fundi Simu, kijana mwenye kibanda cha kutengeneza na kuchaji simu. Aliileta mwenyewe mpaka mlangoni, ikiwa imejaa chaji, na hakutaka hata asante ndefu.

Bibi aliipokea simu ile kama mgeni. Alifagia, akajifunga mtandio safi, kisha simu ikawekwa kwenye kiti cha pekee chenye mgongo. Yeye mwenyewe alikaa mkekani.

"Bibi, kiti chote hicho kwa ajili ya simu?" Fundi Simu alimtania.

"Nimemwekea aliyemo ndani," Bibi alijibu. "Wewe kaa kwenye ndoo."

Jumamosi hiyo Bibi aliuficha mkono wake wa kulia chini ya mtandio. Jana yake alikuwa amemimina maji ya moto pembeni ya kikombe, yakamwunguza.

"Anauliza habari yako, Bibi," Redio alisema.

"Mwambie salama kabisa."

"Anauliza, na macho je?"

"Mwambie ni uzee tu, asijisumbue. Mtu ametoka mbali hivyo, hata hajakaa, sisi tumtwishe matatizo?"

Redio akanong'ona, "Na mkono, Bibi?"

"Mkono haujaulizwa."

Redio alimtazama Wakili aliyekuwa akisubiri kwenye kioo cha simu. Alipenda Bibi yake aonekane bibi wa kusifiwa. Basi akatafsiri, na akaongeza kidogo: "Anasema macho yanaendelea vizuri. Jana alitunga uzi kwenye sindano mwenyewe."

Wakili alitabasamu kwa furaha. Akaanza kusema jambo, mtandao ukakatika.

Siku chache baadaye, Redio akitoka shule, Fundi Simu alimwita kibandani.

"Kuna ujumbe wa sauti. Ni wa kwenu, sikiliza."

Sauti ya Wakili ilijaa kibanda. Alisema amefurahi sana kusikia kwamba macho ya Bibi yanaendelea vizuri. Kwa hiyo ile nafasi aliyomwombea kwenye gari la hospitali, ameiambia ofisi wampe mtu mwingine mwenye hali mbaya zaidi. Bibi angesubiri gari la mwakani.

 Redio akakaa juu ya kreti la soda.

"Anasema nini?" aliuliza Fundi Simu. Redio alimweleza.

"Anaendelea vizuri? Nani kamwambia?"

"Bibi. Na mimi."

"Wewe ulisema kiasi gani?"

"Sindano ni yangu," Redio alisema kwa sauti ndogo.

Fundi Simu hakumgombeza. Alimpa maji ya kunywa kwanza. Redio alipotulia alisema, "Niazime simu. Nitampiga video akipapasa ukuta. Nikisimama mlangoni hatajua. Tukimtumia Wakili, ataona mwenyewe."

Fundi Simu akaweka bisibisi chini. "Simu nitakuazima. Lakini sura ya Bibi si yangu wala si yako. Mwombe mwenyewe."

"Atakasirika."

"Akasirike akiwa anajua. Twende, nakusindikiza."

Walimkuta Bibi akichambua maharage kwa kuyagusa moja moja. Redio alipiga magoti mbele ya ungo na kueleza yote, kuanzia sindano mpaka gari la hospitali, hata ile video aliyotaka kuipiga kwa siri. Mikono ya Bibi ikasimama.

"Ulimwambia natunga sindano?"

"Ndiyo, Bibi."

"Kwa macho ya nani?"

Fundi Simu akageukia mlangoni, akakohoa ili asicheke. Bibi akausogeza ungo pembeni.

"Na mimi nilisema ni uzee tu. Basi tumedanganya wawili, mimi kwa haya na wewe kwa kunipamba. Nilikufundisha kutolalamika mbele ya mgeni. Ni adabu njema. Lakini anayetaka kukusaidia hawezi kuondoa shida uliyomficha. Piga hiyo simu."

"Naogopa, Bibi. Atasema sisi ni waongo. Huenda asipige tena."

"Huenda. Hilo ataamua yeye. Sisi tuseme lililo letu."

Wakili alipokea akiwa jikoni kwake. Alisalimia, na Bibi, kabla hata ya kutafsiriwa, akajibu, "Salama kabisa, mwanangu." Fundi Simu alishindwa kujizuia, akaangua kicheko. Bibi naye akacheka mpaka mabega yakatikisika.

"Ulimi umezoea," alisema. Kisha akautoa mkono kutoka kwenye mtandio, akaunyoosha mbele ya simu, malengelenge yake yakionekana. "Tafsiri, Redio. Usitie chumvi na usipunguze. Mwambie sioni. Natafuta kiberiti kwa vidole. Maji ya moto yameniunguza. Na huyu mjukuu wangu, ni muda mrefu sijauona uso wake. Namjua kwa sauti tu. Ndiyo maana akiongea sana simkatazi."

Redio hakuwa amelijua hilo.  Bibi akamwekea mkono mgongoni, akamngoja. Hapo Redio akatafsiri polepole, neno kwa neno, na mwisho akakiri kwamba habari ya sindano aliitunga yeye.

 Wakili akasema atawapigia ofisi papo hapo, lakini hawezi kuahidi, na kama nafasi imeshatolewa hatamnyang'anya aliyeipata. Simu ikakatika.

Walingoja. Fundi Simu aliyachukua maharage yaliyobaki, akayachambua vibaya, na Bibi akayachambua upya bila kusema neno. Kivuli cha kibaraza kilikuwa kimefika mlangoni simu ilipoita.

Ofisi haikuwa imempa mtu nafasi hiyo. Bibi angekwenda.

Redio alijifuta uso kwa kiganja. "Samahani sana, Wakili," alisema.

"Nisikilize vizuri," Wakili alimwambia. "Ninapowasemea watu, sina kitu mkononi ila maneno. Ofisi wananiamini kwa sababu kila ninachosema, wakikichunguza, wanakikuta ni kweli. Siku wakikuta si kweli, hata yule mgonjwa wa kesho, ambaye hajadanganya, hawatamsikiliza. Kwa hiyo nipe ukweli, uwe mzuri au mbaya. Na mimi nina kosa langu. Niliuliza kwa haraka, kama mtu anayesalimia njiani, nikapewa jibu la salamu. Sikukaa nikauliza tena."

Bibi alipotafsiriwa hayo alitikisa kichwa kukubali. "Amesema kweli. Mwambie Mungu amweke."

Gari la hospitali lilimchukua Bibi na kumrudisha salama. Muuguzi alipombandua bandeji ya macho, Bibi alimshika Redio kidevu, akamgeuza huku na huku kwenye mwanga.

"Mbona umekuwa mrefu hivi?" alisema. "Na hilo paji la uso ni la babu yako, halafu wala hukuniambia."

Jumamosi Wakili alipopiga, Bibi aliisogeza simu karibu. Aliutazama uso wa mgeni wake kwa mara ya kwanza: nywele zenye mvi pembeni, macho yaliyochoka.

"Muulize hali yake."

Redio aliuliza. "Anasema ni nzuri, Bibi."

"Mwambie mimi sasa naona. Hali yake kwa kweli?"

Wakili alicheka kidogo, kisha kicheko kikaisha. Akasema mama yake amefariki mwaka huu. Jioni anapika chakula cha watu wawili kwa mazoea, halafu anakula peke yake. Hakuna aliyemuuliza mara mbili mpaka leo. Redio alitafsiri kila neno bila kuongeza kitu. Bibi alimpa pole, akamuuliza mama alikuwa mtu wa namna gani, akasikiliza mpaka mwisho. Fundi Simu aliona chaji inakaribia kuisha, akachomeka waya taratibu ili asiwakatize.

Walipokuwa wakiagana, Wakili alisita. Redio alimsikiliza, kisha akamgeukia Bibi.

"Anasema kesi yako imekwisha, hana tena sababu ya kazi ya kutupigia. Lakini anauliza, kama hatuna shughuli Jumamosi ijayo, twende tena kumtembelea kwa simu, kama leo."